Mkupuo wa mstaafu na asilimia za kishoka

Mwalimu wa shule ya msingi huko Mpepai, wilayani Mbinga, aliyefundisha miaka 30 na kustaafu akiwa na wastani wa mshahara wa shilingi milioni 1 kwa mwezi, kwa kikokotoo cha asilimia 40 hupata mkupuo wa takriban shilingi milioni 37.2. Baada ya hapo hulipwa pensheni ya kama shilingi 372,000 kila mwezi. Kishoka, yaani dalali asiye rasmi, anayetaka "asilimia 10 tu" ili amfuatilie mafao anaondoka na milioni 3.7, yaani pensheni ya miezi 10.

Anamfuatilia nini hasa? PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma uliozaliwa 2018 kwa kuunganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF, unatakiwa kisheria kulipa mafao ndani ya siku 60, na fedha huingia kwenye akaunti ya mstaafu mwenyewe. Kinachokwamisha mara nyingi ni karatasi: miezi ambayo michango haionekani, au jina la barua ya ajira lisilolingana na la kitambulisho cha NIDA. Jina hurekebishwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Hiyo ni kazi ya kulipiwa mara moja, kwa bei inayojulikana. Haistahili kugeuka kuwa fungu la jasho la miaka 30.

Marekani wameiwekea biashara hii uzio. Mamlaka ya hifadhi ya jamii hukata ada ya mwakilishi kwenye malimbikizo ya mafao ya ulemavu au uzeeni na kumlipa yenyewe. Kwa mkataba wa kawaida ada haizidi asilimia 25, wala kikomo cha dola ambacho Novemba 2024 kiliwekwa kuwa 9,200. Kwetu hakuna dirisha kama hilo, hivyo kishoka hujiwekea dhamana yake: anashika kadi ya benki na namba ya siri mpaka mkupuo uingie, kama wafanyavyo wakopeshaji wa kausha damu. Hata mkulima wa kahawa hapo Mbinga huoneshwa makato ya chama chake cha ushirika (AMCOS) kwa maandishi. Mwalimu huyu mstaafu hapewi hata risiti.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia wasio na uwezo bila malipo. Ila kwa mwalimu, mlango wa kwanza uwe Chama cha Walimu. Amekatwa asilimia 2 ya mshahara kila mwezi akiwa kazini, na kumsimamia hadi mafao yatoke ni kazi aliyokwisha kuilipia.