London hadi Paris kwa treni: kasi iko kwenye njia

Kila ikikaribia likizo ya Pasaka, kwenye mikutano ya chama swali ni lile lile: "Wewe si mtu wa injinia? Hebu tueleze, hii treni ya Paris inapitaje chini ya bahari, na inakimbiaje namna ile?" Halafu linafuata swali la pili, hili huulizwa kwa sauti ya chini: "Na sisi wenye pasi za kwetu, tunapanda tu?" Nimeona niyajibu yote mawili hapa, maana ukishaelewa la kwanza, la pili linakuwa rahisi.

Niseme mapema jambo moja ninalotaka mwondoke nalo. Watu wengi wanadhani kasi iko kwenye treni: nunua treni kali, basi utakimbia. Sivyo. Sehemu kubwa ya kasi iko kwenye njia, yaani reli yenyewe, umeme wake, ishara zake, na hata namna mpaka unavyopitwa. Na ushahidi upo hapa hapa London.

Treni ile ile, muda tofauti

Eurostar zilianza kubeba abiria tarehe 14 Novemba 1994. Wakati huo ziliondokea stesheni ya Waterloo, na safari ya Paris ilichukua kama saa 3. Mwaka 2003 ikashuka kuwa saa 2 na dakika 35. Mwezi Novemba 2007 stesheni ikahamia St Pancras, na safari ikawa saa 2 na robo.

Sasa angalieni. Miaka yote hiyo treni zilikuwa zile zile, zenye mabehewa 18, urefu unaokaribia mita 400, na uwezo wa kwenda kilomita 300 kwa saa. Hizi mpya zinazofika kilomita 320 kwa saa zilianza kazi mwaka 2015, baada ya mabadiliko yote niliyoyataja. Kwa hiyo zile dakika 45 hazikutokana na treni mpya. Zilitokana na reli mpya ya kilomita 108 hivi iliyojengwa kutoka London hadi kwenye mdomo wa handaki karibu na Folkestone. Kipande cha kwanza kilifunguliwa 2003, cha pili 2007.

Ufaransa wao walikuwa tayari. Reli yao ya kaskazini ilifunguliwa 1993, na treni ikitoka handakini inapaa. Rais Mitterrand aliwahi kuwatania Waingereza kwamba abiria watakimbia Ufaransa, kisha wakifika Uingereza watapata nafasi ya kuota ndoto na kutazama mashamba taratibu. Ulikuwa utani, lakini ulikuwa kweli.

Reli ya zamani ilizuia nini?

Kwanza, kona. Treni ikipinda, nguvu ya kuisukuma nje inaongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Ukitoka kilomita 160 kwa saa ukaenda 300, mwendo haujafika hata mara mbili, lakini nguvu hiyo imekua mara 3 na nusu. Ndiyo maana reli za mwendo kasi zina kona pana sana, nusu kipenyo chake ni kilomita 4 au zaidi. Ukiwa ndani huhisi hata kama mnapinda. Reli za Kent zilichorwa enzi za treni za moshi, zinapita mji kwa mji. Hapo huwezi kukimbia hata ukipewa ndege.

Pili, umeme, na hili ndilo linalonifurahisha mimi zaidi. Reli ya zamani ya kusini mwa Uingereza inatoa umeme wa volti 750 kupitia reli ya tatu iliyolazwa chini, pembeni. Reli mpya ina waya juu wenye volti 25,000. Kwenye waya, Eurostar ya kwanza iliweza kutoa nguvu ya megawati 12 hivi. Kwenye reli ya tatu, treni hiyo hiyo ilipata megawati 3.4 tu. Kwa nini? Piga hesabu ya kidato cha nne: nguvu ni volti mara ampia. Kupata megawati 3.4 kwa volti 750 unahitaji ampia zaidi ya 4,500. Kupata megawati 12 kwa volti 25,000 zinatosha ampia 480. Ampia zikizidi, vyuma vinachemka na umeme unapotea njiani. Kwa hiyo kule Kent treni kali ilikuwa kama mkimbiaji aliyezibwa pua.

Tatu, ishara. Kwenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa, treni inakata mita 83 kila sekunde. Dereva hawezi kutegemea kusoma taa iliyo pembeni mwa reli, na hata akiiona amechelewa, maana ili treni isimame kutoka mwendo huo inahitaji zaidi ya kilomita 3. Suluhisho ni kupeleka ishara ndani ya treni. Reli zenyewe zinabeba mawimbi ya umeme, antena iliyo chini ya treni inayanasa, na dereva anaona mbele yake namba: sasa hivi ruksa 300, baadaye 270, baadaye 230. Akizidisha, breki zinafunga zenyewe.

Nne, kuchangia njia. Kent, Eurostar ilikuwa inapanga foleni na treni za wafanyakazi wanaoingia London asubuhi. Hili halihitaji hesabu. Aliyewahi kukaa nyuma ya daladala inayosimama kila kituo anajua.

Chini ya bahari

Handaki lilifunguliwa rasmi tarehe 6 Mei 1994 na Malkia Elizabeth II pamoja na Rais Mitterrand. Urefu wake ni kilomita 50 na kidogo, na kati ya hizo kama 38 ziko chini ya bahari. Wengi wanadhani ni bomba lililolazwa majini. Hapana. Limechimbwa ndani ya mwamba, chini ya sakafu ya bahari. Wachimbaji waliufuata mwamba wa chaki uliochanganyika na udongo wa mfinyanzi, ambao unachongeka bila taabu na haupitishi maji kirahisi. Waingereza walichimba kutoka upande wao, Wafaransa wa kwao, na tarehe 1 Desemba 1990 wakakutana na kushikana mikono.

Tena si handaki moja, ni matatu. Mawili ya treni, moja la kwenda na moja la kurudi, kila moja lina kipenyo cha mita 7.6. Katikati yao kuna la tatu, dogo zaidi, la mafundi na la dharura. Kila baada ya mita 375 kuna mlango wa kuingilia humo, ili jambo likitokea abiria watolewe upande wenye hewa safi.

Humo ndani treni inapunguza mwendo hadi kilomita 160 kwa saa. Sababu ya kwanza ni hewa. Treni ndani ya handaki ni kama kizibo ndani ya pampu ya baiskeli, inaisukuma hewa yote iliyo mbele. Ndiyo maana kila mita 250 kuna tundu kubwa linalounganisha mahandaki mawili ya treni, hewa ipate pa kutokea. Hata hivyo, ukiongeza mwendo, upinzani na joto vinapanda haraka. Joto lenyewe ni tatizo kiasi kwamba kuna mabomba ya maji baridi yanayopita humo kulipoza handaki. Sababu ya pili ni ile ile ya kuchangia njia: humo zinapita pia treni za kubeba magari na za mizigo, ambazo ni za polepole. Kwa hiyo baharini mtakaa kama dakika 20. Msitegemee kuona samaki. Ni giza tu.

Mpaka uko ndani ya stesheni

Sasa tuje kwenye lile swali la chini chini. Njia kati ya London na Paris ina kilomita kama 490. Kama treni ingesimama Calais abiria 900 washuke wakaguliwe, hizo kona pana na volti 25,000 zingekuwa kazi bure. Kwa hiyo nchi hizi mbili zilikubaliana kuuhamisha mpaka. Polisi wa Ufaransa wanakagua pasi ndani ya St Pancras, London, kabla hujapanda. Ukirudi, maofisa wa Uingereza wanakukagua ndani ya Gare du Nord, Paris. Ukishuka mwisho wa safari, unatoka moja kwa moja mtaani.

Maana yake kwetu ni hii: uamuzi wa kukuruhusu kuingia Ufaransa unafanyika London. Kama huna viza ya Schengen huliona hata behewa. Kibali chako cha kusoma Uingereza hakikuingizi Ufaransa, na pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo inahitaji viza hiyo.

Hapa ndipo hesabu ya kasi inapobadilika. Saa 2 na dakika 20 ndani ya treni ni wastani wa kilomita 210 kwa saa. Ongeza saa moja na nusu ya foleni za ukaguzi, wastani unashuka kuwa kama 128. Hiyo ni kwa Mwingereza. Kwa mmoja wetu safari inaanza majuma kadhaa kabla, kwenye kutafuta miadi ya viza. Mmekaa siti moja, treni moja, lakini safari zenu hazilingani urefu. Hili reli haiwezi kulitatua, lakini wewe unaweza kulipangia.

Kabla hujanunua tiketi

Tafuta miadi ya viza kwanza, tiketi ya bei isiyorudishwa baadaye. Maombi yanapokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usingoje hizo siku 15. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na wakala wa kupokea fomu anaweza kuongeza yake juu. Bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000. Pasi iwe na angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Schengen, isizidi miaka 10 tangu itolewe, na iwe na kurasa 2 wazi.

Tazama viza yako imeandikwa ya kuingia mara ngapi. Kama ni mara moja, ukirudi London imekwisha, hata kama siku zimebaki.

Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 Ulaya ilianza kwa hatua mfumo wa EES wa kuchukua picha ya uso na alama za vidole mpakani. Fuata muda wa kufika ulioandikwa kwenye tiketi. Geti likifungwa, limefungwa.

Kuhusu kurudi: kibali cha Uingereza siku hizi kiko kwenye akaunti ya mtandaoni badala ya kadi. Kama umebadilisha pasi, iunganishe pasi mpya na akaunti kabla ya kusafiri. Na saa: Paris iko mbele kwa saa moja. Ukiondoka London saa 4 asubuhi, utafika saa 7 na dakika 20 mchana kwa saa ya kule. Mpokeaji wako aambiwe.

Na huko nyumbani?

Mwaka 2017 Kenya ilizindua reli mpya Mombasa hadi Nairobi, treni za dizeli zenye mwendo wa hadi kilomita 120 kwa saa kwa abiria. Mwaka 2024 Tanzania ilianza safari za treni za umeme Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma. Ile ya Tanzania imejengwa kwa kilomita 160 kwa saa na waya wake ni wa volti 25,000, yaani umeme ule ule na mwendo ule ule wa Eurostar ikiwa chini ya bahari. Msicheke, si mwendo mdogo. Na kama mjuavyo, haikuwezekana juu ya reli ya zamani ya mita moja iliyojengwa na Wajerumani. Ilibidi njia mpya.

Hata la mpaka tunalijua. Pale Namanga kuna kituo cha pamoja, kilichozinduliwa rasmi 2018, ambapo msafiri anasimama upande mmoja tu, ule anaoingia, na kumaliza mambo ya nchi zote mbili. Ni wazo lile lile la St Pancras. Siku reli zetu zitakapovuka mipaka, tutahitaji kulipeleka wazo hilo stesheni.

Kwa hiyo wenzangu, mkisikia mjadala wa treni huko nyumbani, na watu wanabishana juu ya sura ya kichwa cha treni na rangi ya viti, ulizeni maswali haya: kona zina upana gani? Umeme ni wa volti ngapi? Ishara ziko wapi? Nani mwingine anapita njia hiyo? Na mpaka utavukwaje? Majibu ya hayo ndiyo yatakayowaambia mtafika saa ngapi.

Mnaokwenda Pasaka, safari njema. Fomu za viza mzianze leo.