Mji uliofunga bahari kwa mnyororo
Nilipofika La Rochelle, mji wa bandari magharibi mwa Ufaransa, nilipelekwa kwenye minara miwili ya karne ya 14 inayolinda mlango wa bandari. Zamani mnyororo ulivutwa kati yake usiku, na meli zililipa ushuru ndipo zipite. Nikakumbuka kizuizi cha mpakani kwetu.

Mwaka 1627 majeshi ya mfalme, chini ya Kadinali Richelieu, yaliuzingira mji huo wa Waprotestanti na kuziba bahari kwa boma la mawe. Wakazi walikuwa wapatao 28,000. Uliposalimu amri Oktoba 1628, walibaki kama 5,000.

Leo watalii hupiga picha hapo. Mfanyabiashara wa mpakani ataelewa zaidi: ushuru huuma, lakini njia ikifungwa kabisa, ni njaa.