Mama na Mdogo Wake, Kutoka Maskati Hadi Makka

Mama alifunga sanduku lake wiki mbili kabla ya safari. Nilipolipima kwenye mizani ya dukani lilifika kilo 27, na nguo zake mwenyewe hazikuzidi kilo 6. Zilizobaki zilikuwa doti 14 za kanga, chupa nne za achari ya maembe, kashata za nazi, ukwaju, na msala wa ukindu aliousuka kwa mkono wake. Vyote vya mdogo wake. "Mwenzangu alitoka hapa na begi moja la mkononi," aliniambia, "mimi nimwendee mikono mitupu?"

Mama mdogo aliondoka Unguja mwaka 1974, akiwa na miaka 24, akimfuata mumewe Oman. Familia nyingi zenye asili ya huko zilitawanyika baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Sultani Qaboos aliposhika utawala Julai 1970, aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga nchi, na waliotoka Zanzibar waliitika kwa wingi. Walikuwa na elimu, wakapata kazi. Ndiyo maana hadi leo unaweza kuingia ofisini Maskati, ukasalimu kwa Kiarabu cha kubabaisha, ukajibiwa kwa Kiswahili cha Mkunazini. Mama mdogo alirudi nyumbani mara moja tu, mwaka 1996, kwenye khitma ya baba yao. Tangu hapo ni simu.

Fedha za safari hii nilizidunduliza kwa ajili ya umra. Maskati niliiweka njiani, siku mbili, kwa kuwa ndege inapita huko. Nilipomwonesha mama ratiba, aliiweka chini. "Siku mbili ni za kumtazama mgonjwa hospitali," akasema. "Na umra tunakwenda naye." Nilikasirika kidogo, maana tiketi zilikuwa karibu kulipwa. Sasa namshukuru Mungu kwamba nilimsikiliza. Tulikaa Maskati siku tisa, Madina siku nne, Makka siku tano. Tuliondoka sita kutoka Unguja: mama, mimi, baba watoto na watoto wetu watatu, likizo ya skuli ya Disemba, wakati ambao Maskati na Madina hewa yake inavumilika.

Usiku wa kwanza, katika nyumba ya mama mdogo huko Seeb, Maskati, wale ndugu wawili hawakulala. Walikaa chini, migongo ukutani, wakaupita kwa mazungumzo mtaa wao wa Malindi, Unguja, nyumba baada ya nyumba. Mama mdogo anauliza, mama anajibu. Fulani wa mlango wa kona? Kafariki. Mkewe? Yu hai, haoni. Na yule aliyekuwa akiuza mkate wa mofa? Kafariki, mwanawe ndiye anauza. Kila jina la marehemu walilitilia dua kabla ya kuendelea na la pili. Walipofika nyumba ya mwisho, adhana ya alfajiri ilikuwa inasomwa. Usiku mzima, na huo ni mtaa mmoja tu; siku mbili zisingetosha.

Wajukuu wa mama mdogo wanakielewa Kiswahili lakini wanajibu kwa Kiarabu. Wanangu waliwazoea kupitia chakula kwanza. Jioni barabarani wanauza nyama ya kuchoma kwenye vijiti na wenyewe wanaiita mishkaki, na jikoni kwa mama mdogo mandazi ni mandazi. Kahawa yao ni nyepesi, ina iliki, inanywewa na tende, katika kikombe kidogo kisicho na mkono. Mwanangu wa kiume alimiminiwa mara tano, anaona haya kukataa, mpaka binamu yake alipomfundisha: ukitosheka, kitikise kikombe kidogo unapokirudisha. Mtu anayekwenda ugenini aulize mambo kama haya mapema. Ni heshima kwa mwenyeji, na tumbo litamshukuru.

Tulizuru Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Zulia la ukumbi wake mkuu lina mita 70 kwa 60 na uzito wa tani 21, limefumwa kwa mkono. Watoto walistaajabu, nami pia. Hata hivyo ziara niliyoiona nzito zaidi ni ya Ibra, mji wa bara ambako ndiko asili ya mume wa mama mdogo. Alifariki miaka minane iliyopita na mama hakuwahi kufika kutoa pole. Mjini Ibra kuna mtaa wa zamani wenye majumba ya udongo na mawe, mengine magofu, yaliyojengwa na watu waliochuma katika biashara ya Afrika Mashariki. Makaburi yako kando ya mji. Ni ya watu wa madhehebu ya Ibadhi, hayana maandishi wala majengo, mawe matupu juu ya changarawe. Mama mdogo alitembea moja kwa moja hadi penyewe. Mama akachutama, akamwombea shemeji yake, kisha akamgeukia mdogo wake akampa mkono wa pole kana kwamba msiba ni wa jana. Tuliporudi tuliswali jamaa nyumbani kwa wakwe zake. Wao mikono wameiteremsha, sisi Mashafii tumeifunga kifuani, safu moja. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Kwenye kiwanja cha ndege cha Madina ndipo niliposhikwa na machozi. Mama mdogo, raia wa Oman, hahitaji viza kuingia Saudia, kwa kuwa nchi za Ghuba raia wake hupitishana hata kwa kitambulisho. Mama alikuwa na viza, alama za vidole, picha, foleni ndefu. Watoto wa tumbo moja, mistari miwili. Mama mdogo alipita kwa dakika chache, akasimama upande wa pili na mkoba wake, akakataa kukaa hadi dada yake alipogongewa muhuri.

Katika Msikiti wa Mtume (S.A.W.), kuingia Rawdha, yaani eneo lililo baina ya nyumba yake na mimbari, kunahitaji kibali cha programu ya simu iitwayo Nusuk, chenye siku na saa, na wanawake wana nyakati zao. Tuliomba vinne, vikapatikana vitatu vya usiku mmoja. Nikawapa mama, mama mdogo na binti yangu mkubwa. Nilikaa nje kwenye ua wa msikiti, nikamwomba Mungu wasipotezane. Walitoka wameshikana mikono, binti yangu katikati. Fanyeni maombi ya kibali hicho mapema, kabla hamjafika Madina. Tulikwenda pia Quba, msikiti ambao Mtume alikuwa akiuzuru siku za Jumamosi, kwa miguu au kwa kipando, na Uhud, walikozikwa Hamza na mashahidi wenzake wa mwaka wa tatu wa Hijra. Makaburi ya Bakii wanawake hawaingii. Mama alisimama nje ya ukuta akatoa salamu.

Mikati ya anayetoka Madina ni Dhul-Hulayfa, siku hizi panaitwa Abyar Ali, nje kidogo ya mji. Hapo wanaume huvaa shuka mbili zisizoshonwa na sote tukanuia umra. Mwanamke huvaa nguo zake za kawaida za stara. Kutoka hapo hadi Makka ni kama kilomita 450. Ipo treni ya kasi tangu mwaka 2018, lakini sisi tulikodi gari ili wazee wasimame watakapo.

Makka kulikuwa na kasoro. Wakala aliyetupangia malazi alisema hoteli iko hatua chache kutoka Msikiti Mtakatifu. Tulikuta mwendo wa dakika 25 kwa mtu mzima mwenye nguvu, na kurudi ni mlima. Kwa mama mwenye miaka 79 na magoti mabovu, hilo ni kama kufungiwa mlango. Tuliongeza fedha tukahama. Usikubali neno "karibu". Dai jina la hoteli kwa maandishi, jina la mlango wa msikiti ulio jirani nayo, kisha pima mwenyewe kwenye ramani ya simu.

Mama alitufu kwa kiti cha magurudumu, ghorofa ya juu, ambako mzunguko ni mrefu lakini msongamano ni mdogo. Mizunguko saba. Mama mdogo alikataa kiti, akatembea kando ameshika mkono wa kiti kile. Baadaye sa'i, mara saba baina ya Safa na Marwa, kama kilomita tatu zote pamoja, pale alipokimbia Bi Hajara akimtafutia Ismaili maji. Katika safari ya tano mama mdogo alichoka. Mama akaagiza kiti kisimame, akashuka. "Kaa wewe," akamwambia. Akatembea safari hiyo nzima, polepole, mkono begani kwa mjukuu wake, na magoti yake yale yale.

Marwani, sa'i inapomalizika, mwanamke hukata nywele zake kiasi cha ncha ya kidole, na umra imetimia. Nilitoa mkasi nimkatie mama. Mama mdogo akaupokea mkononi mwangu. Alimkata dada yake kishungi cha nywele nyeupe, kisha akampa mkasi naye akatwe. Mama akasema alikuwa akimsuka nywele zile kila Ijumaa, Malindi, kabla hajaolewa.

Tuliagana Jidda, kila mmoja na chupa yake ya lita tano za Zamzam, mmoja anaelekea Maskati, mwingine Unguja. Wewe unayedunduliza fedha za umra, nawe una mama mwenye ndugu nje, anza kwa kumpigia simu huyo ndugu. Muulize pasipoti yake inaisha lini, magoti yake yakoje, na kama yuko tayari mwende pamoja. Wote mchanje chanjo ya homa ya uti wa mgongo siku zisizopungua kumi kabla ya kuingia Saudia, halafu ndipo ukate tiketi.