Bure, bila malipo na huria: namna ya kutaja nyenzo za kujifunzia mtandaoni

Mwalimu wa fizikia anayetafuta majaribio ya kuwaonyesha wanafunzi, mwanachuo anayehitaji kitabu cha takwimu, na mfasiri aliyepewa kazi ya kugeuza masomo ya afya kuwa Kiswahili, wote hukutana na neno moja: bure. Tovuti hunadi masomo ya bure, vitabu vya bure, mitihani ya majaribio ya bure. Neno hilo si la uongo, ila halimalizi habari, na anayeumia zaidi kwa upungufu huo ni mfasiri. Kitu kinachosomwa bila kulipiwa huenda kisiruhusiwe kutafsiriwa.

Bure katika Kiswahili hubeba maana zaidi ya moja. Katika sentensi “Amenipa embe bure”, maana yake ni pasipo kulipa. Katika “Amepigwa bure”, ni pasipo sababu. Katika “Amejisumbua bure”, ni pasipo faida, na hapo ndipo ilipozaliwa kauli ya dharau “mtu bure”, yaani asiye na thamani. Kivuli cha maana hii ya mwisho hakiondoki kabisa hata neno linapotumika kwa nia njema. Pengine ndiyo sababu maandishi rasmi ya serikali hupendelea “elimu bila malipo” au “elimu bila ada”, ilhali mitaani watu husema tu “elimu bure”.

Hata vifungu hivyo viwili havilingani. “Bila ada” huondoa ada peke yake. Mzazi bado atanunua sare na madaftari. “Bila malipo” hudai zaidi, kwa hiyo anayelitumia hana budi kueleza ni malipo ya nini yaliyoondolewa na ni nani aliyeacha kuyadai. Sentensi “Kitabu kinapatikana mtandaoni bila malipo” inasema mchapishaji hadai kitu. Haisemi lolote juu ya bando la intaneti ambalo msomaji amelinunua ili akifikie. Mwandishi wa mwongozo kwa shule za vijijini afaa kuligusa jambo hilo waziwazi, kwa kuwa wasomaji wake wanalijua vizuri kuliko yeye.

Neno huria ni la ukoo mwingine. Asili yake ni Kiarabu, na ni ndugu wa huru na uhuru. Hueleza kukosekana kwa vizuizi na wala halizungumzii bei. Hakuna anayesikia “soko huria” akadhani kwamba bidhaa humo hugawiwa. Mfano ulio wazi zaidi ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Wanafunzi wake hulipa ada. Uhuria wake umo katika namna ya kusoma, kwani mtu husoma akiwa mbali na darasa, huku akiendelea na kazi zake. Basi kipo kilicho huria bila kuwa cha bure. Kinyume chake kipo pia, tena kwa wingi: tovuti inayomruhusu kila mtu kusoma kitabu kwenye skrini, lakini ikakataza kukinakili, kukichapisha upya au kukitafsiri. Kitabu hicho ni cha bure na si huria.

Kiingereza kimeziweka dhana hizi mbili ndani ya neno moja, na wanaharakati wa programu huria wamekuwa wakilieleza tatizo hilo tangu miaka ya 1980. Kiswahili kina maneno mawili tayari. Ni hasara kuona mfasiri akilitupa moja na kuandika “bure” kila mahali.

Kutenganisha dhana hizi kulipata uzito katika elimu mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2001 chuo cha MIT nchini Marekani kilitangaza kwamba kitaweka mtandaoni maandalizi ya kozi zake: mihtasari ya mihadhara, mazoezi na mitihani, kuanzia hisabati na uhandisi hadi historia na isimu. Mwaka 2002, katika mkutano wa UNESCO jijini Paris, ikazaliwa istilahi ambayo kwa Kiswahili huitwa rasilimali huria za elimu. Mwaka 2019 Mkutano Mkuu wa UNESCO ulipitisha pendekezo linaloieleza dhana hiyo: ni nyenzo za kujifunzia, kufundishia na utafiti ambazo ama hazina tena ulinzi wa hakimiliki, ama zimetolewa chini ya leseni huria inayowaruhusu wengine kuzipata pasipo gharama, kuzitumia tena, kuzirekebisha na kuzisambaza. Kutolipa ni sharti moja tu kati ya kadhaa.

Wapo wanaoandika “rasilimali wazi za elimu”. Wazi hufaa kwa mlango, nafasi ya kazi au kikao ambacho yeyote aweza kuingia. Hueleza kwamba kitu kinafikika au kinaonekana, wala halimwambii msomaji kwamba anaweza kukichukua akakifanyia kazi. Kwa dhana ya UNESCO, huria ni bora. Huru nalo lina mahali pake: nchi huru, tume huru, mtu huru. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, hujitambulisha kuwa kamusi elezo huru, na kwa kuwa jina hilo limezoeleka hakuna haja ya kulisumbua. Hata hivyo, anayelisoma kwa mara ya kwanza aweza kudhani kwamba kinachosifiwa ni kutokuwa chini ya serikali au kampuni, ilhali leseni yake inaruhusu pia makala kunakiliwa na kubadilishwa.

Kuhusu “rasilimali” na “nyenzo”, yote mawili yanakubalika. Rasilimali linatokana na maneno ya Kiarabu yenye maana ya kichwa cha mali, yaani mtaji, na bado linanukia uchumi. Nyenzo ni wingi wa wenzo, mti au gogo la kusogezea au kuinulia kitu kizito. Mwalimu anayetafuta kitu cha kumsaidia kusukuma mada ngumu atajiona zaidi katika hili la pili. Katika jina rasmi la dhana ya UNESCO, rasilimali limeshika mizizi; katika maelezo ya kawaida, nyenzo husomeka vizuri zaidi.

Mfasiri anahitaji kujua haya kabla hajaandika neno la kwanza. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, kama unavyotumika leo, unaihesabu tafsiri kuwa haki ya mtunzi, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 vilevile inaiweka miongoni mwa haki za mwenye kazi. Pasipo ruhusa, tafsiri ya kitabu cha bure ni kosa sawa na tafsiri ya kitabu kinachouzwa. Ruhusa hiyo ndiyo inayotolewa, au kunyimwa, na leseni.

Leseni zinazotumika zaidi katika nyenzo za elimu ni za asasi ya Creative Commons, zilizotolewa kwa mara ya kwanza Desemba 2002. Masharti yake hutajwa kwa herufi mbili mbili. BY ni kumtambua mtunzi. NC ni kutotumia kazi kibiashara. SA ni kwamba kazi iliyotokana na ile ya awali itolewe kwa masharti yaleyale. ND ni kutotoa kazi iliyobadilishwa, na tafsiri ni badiliko. Vitabu vingi vya kiada vya OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice, vina sharti la BY pekee: mtu aweza kukitafsiri kitabu cha biolojia, kukichapa, hata kukiuza, mradi amtaje mtunzi. Nyenzo za MIT zina BY, NC na SA, kwa hiyo tafsiri inaruhusiwa, kuiuza hapana. Hotuba za TED zina ND. Ni za bure kwa kila mtazamaji, lakini anayetaka kutoa tafsiri yake hupitia utaratibu wa TED wenyewe. Kwa kuwa leseni huweza kutofautiana hata ndani ya tovuti moja, ukurasa wa kitabu husika ndio wa kusomwa.

Istilahi mbili katika uwanja huu hupotosha. Ya kwanza ni “mali ya umma” kwa kazi ambayo muda wa hakimiliki yake umekwisha. Kwa Mtanzania wa kawaida, mali ya umma ni gari la serikali au jengo la shule, kitu chenye mwenyewe na mlinzi. “Miliki ya umma” huepusha picha hiyo kidogo. “Kazi isiyo tena chini ya hakimiliki” ni ndefu, lakini haieleweki vibaya. Ya pili ni “kuhusisha” kwa sharti la BY. Kumhusisha mtu ni kumuunganisha na jambo, mara nyingi la lawama. “Kumtambua mtunzi” au “kumtaja mtunzi” ndiyo kauli sahihi.

Nyenzo huria za Kiswahili zenyewe zipo. African Storybook, mradi wa asasi ya Saide ya Afrika Kusini, una hadithi za watoto ambazo mwalimu aweza kuzitafsiri na kuzirekebisha palepale tovutini. PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, iliyoanzishwa mwaka 2002, ina majaribio ya sayansi yaliyofasiriwa na wajitoleaji, Kiswahili kikiwemo. Majaribio mengi huweza kupakuliwa na kutumiwa bila intaneti. Kupakua, kwa asili, ni kushusha shehena au kutoa chakula chunguni. Ni nadra istilahi ya kompyuta kukaa vizuri kiasi hicho.

Kwa anayeandika orodha ya nyenzo kwa ajili ya wanafunzi au wafasiri wenzake, sentensi za mfano ni hizi. Kwa nyenzo huria: “Kitabu hiki ni huria, waweza kukisoma bila malipo, kukinakili na kukitafsiri, ukimtaja mtunzi.” Kwa nyenzo ya bure isiyo huria: “Kitabu hiki husomwa mtandaoni bila malipo, kukitafsiri kunahitaji kibali cha mchapishaji.”