Ufukwe wa Kigoma: Kulipa kwa Kichwa au kwa Chombo

Familia ya Kigoma inayotamani mchanga wa Zanzibar ina zaidi ya kilomita 1,200 za reli kufika Dar es Salaam tu, nauli ya boti bado. Hesabu hiyo ikikushinda, Ziwa Tanganyika lipo hapa, na maji yake hayawashi macho ya watoto. Kabla ya kuuliza bei, uliza unatozwaje: kwa kichwa au kwa chombo?

Ufukwe wa Jakobsen, upande wa Katonga, kilomita chache kutoka mjini, hutoza kiingilio kwa kila mtu. Baba, mama na mtoto mmoja hawatakihisi sana. Nyumba yenye bibi, shangazi na watoto watano itakihisi. Nauli nayo ina ujanja wake: bajaji moja inawatosha watatu, lakini wanane wanahitaji bajaji tatu, kwenda na kurudi. Hapo Noah ya kukodi huanza kuwa nafuu, mradi mkubaliane kabisa saa ya kufuatwa. Kwa fedha ya kiingilio mnapata kivuli, choo, vighuba vya mchanga kati ya miamba, maji maangavu, na pundamilia wanaotembea humo ndani. Naona kiingilio hicho kina thamani yake, hasa kwa ajili ya choo.

Kwenye chakula ndipo wengi wanapovuja fedha. Usitegemee kununua huko. Beba mkaa, ndizi na maji ya kunywa, kisha pitia mwalo wa Katonga asubuhi ununue mgebuka wa kuchoma. Angalia mwezi kwanza. Mgebuka, kama dagaa, huvuliwa kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi hupumzika na bei hupanda. Angalia na kalenda: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na aliyepanga kuchoma samaki miezi hiyo ilimbidi afikirie kuku.

Fukwe za bure zipo, Ujiji na Kibirizi, lakini hiyo ni miwalo ya kazi: injini, nyavu, dagaa walioanikwa. Watoto watafurahi kutazama. Kuogelea ni jambo jingine. Kichocho hupatikana penye maji yaliyotulia na majani, ambako konokono wake huishi, na siku ya bure ikiishia zahanati si ya bure tena. Chagua penye mawe na mawimbi, na uwaulize wenyeji habari za mamba. Kwa wageni kutoka pwani: maji yasiyo na chumvi hayaubebi mwili kama ya bahari, na ziwa hili, lenye kina cha mita 1,470 palipo na kina kirefu zaidi, linaweza kuongezeka kina ghafla hatua chache tu kutoka ukingoni.

Ujiji ningeiendea kwa makumbusho ya Livingstone, alipokutana na Stanley mwaka 1871. Kiingilio ni kwa kichwa. Msiende na taulo. Maji yamerudi nyuma tangu enzi hizo, na mnara wa kumbukumbu yao sasa uko mbali kidogo na ukingo.

Hifadhi ya Gombe ndiko bei inakodanganya. Boti za abiria kutoka Kibirizi ni za bei ndogo, lakini huondoka mchana na kurudi kesho yake alfajiri, kwa hiyo nauli hiyo ndogo inakuja na gharama ya malazi. Kwenda na kurudi siku moja ni lazima mkodi boti, na boti haijali mko watatu au kumi: mafuta ni yale yale. Kiingilio cha hifadhi kinabaki kwa kichwa, ila watoto chini ya miaka 5 hawalipi. Wadogo hawaruhusiwi kuwafuata sokwe msituni, kwa hiyo mzazi mmoja atabaki nao ufukweni akiwa amelipia hifadhi nzima. Kwa nyumba yenye watoto wadogo, ningeiahirisha Gombe mpaka wakue, na fedha ya boti ningeipeleka Jakobsen mara kadhaa.