Jina la kale kwa binti mchanga: yasikilize kwanza majina ya nduguze

Mke wangu alijifungua binti alfajiri ya Ijumaa, katikati ya masika, na kabla hatujatoka hospitalini simu yangu ilikuwa imeshajaa majina. Aaliyah. Inaya. Liyana. Shemeji yangu alituma orodha ndefu, na chini yake akaandika kwamba hayo ndiyo yanayokwenda siku hizi. Sina ugomvi na majina hayo. Lakini nyumbani tunaye Hamisi, mwenye miaka 7, na Riziki, mwenye miaka 4, na mimi na mama yao tulikuwa tumekubaliana mapema kwamba huyu wa tatu naye atapewa jina la kale la pwani. Nikadhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Tulikuwa na siku 7. Kwetu sisi Waislamu siku ya saba ndiyo ya akika: huchinjwa mbuzi mmoja kwa mtoto wa kike, wawili kwa wa kiume, mtoto hunyolewa nywele, na jina hutangazwa. Jina linaweza kutolewa hata siku ya kwanza, lakini ukishaanza kubishana na jamaa, hizo siku 7 unaziona chache.

Nilianza kwa kukosea. Nilikaa barazani na karatasi, nikawa natafuta jina linalofanana kwa mlio na ya nduguze. Hamisi, Riziki na Aziza. Hamisi, Riziki na Shamsa. Nikayasoma kwa sauti kama mtu anayejaribu redio. Mama yangu, anayeishi nasi, alinisikiliza kwa muda kisha akasema, "Mwanangu, watoto si leso ukawatafutia doti." Halafu akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya: Hamisi aliitwa Hamisi kwa nini, na Riziki kwa nini?

Hamisi alizaliwa siku ya Alhamisi. Riziki alikuja wiki ileile niliyopata kazi baada ya kukaa bure karibu miaka miwili, na hakuna aliyehitaji kufikiri. Kwa hivyo majina yote mawili yanajibu swali moja: ulikuja lini, na ulitukuta vipi? Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jina linamfaa mtoto na nduguze pale linapojibu swali ambalo majina yao yalijibu. Mlio ni jambo la pili.

Majina mengi ya bibi zetu yana swali la namna hiyo ndani yake, ila tumeacha kulisikia. Anayeitwa Mwanahamisi ni wa Alhamisi, na huku Mombasa na Kwale ulimi umelifupisha likawa Mwanamisi. Mwanajuma au Mwajuma ni wa Ijumaa. Mwanaidi alikuja na Idi. Saumu alizaliwa mwezi wa kufunga. Pili na Tatu yanakueleza alikuwa wa ngapi. Subira anakwambia kwamba wazazi walingoja. Sikudhani anakwambia kwamba hawakutarajia. Hata hilo neno "mwana" linalotangulia majina mengi si la kujazia tu. Katika Kiswahili cha kale cha Lamu, Pate na Mombasa lilikuwa neno la kumheshimu mwanamke, kama "bwana" kwa mwanamume. Ndiyo maana masimulizi ya Mombasa yanamtaja Mwana Mkisi kuwa malkia wa mji wa kale, na Pate ikawa na mtawala aitwaye Mwana Khadija.

Mke wangu, ambaye ni mwalimu, alitaka Hashima. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyezaliwa Pate, alitunga utendi wake mwaka wa 1858 kwa ajili ya kumuusia bintiye Mwana Hashima, na binti aliyeandikiwa wasia wa namna ile ni wa kukumbukwa. Jina zuri, na kama una watoto waitwao Khadija na Muyaka, lichukue leo. Kwetu lilikuwa linajibu swali jingine, yaani tunamkumbuka nani. Mke wangu mwenyewe aliliona hilo alipoyataja yote matatu pamoja.

Kwa majirani zetu Wagiriama swali hilo la kumkumbuka mtu ndilo kubwa. Jina la babu humrudia mjukuu, ndiyo maana unakutana na Katana Charo ambaye baba yake ni Charo Katana. Na mwanamke huweza kupata jina jipya ukubwani: Mekatilili aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza mwaka wa 1913 aliitwa Mnyazi wa Menza utotoni, na Mekatilili maana yake ni mama wa Katilili.

Mimi nami, kusema kweli, nilikuwa na jina langu moyoni tangu siku ya kwanza. Nilitaka Saumu. Ndilo jina la mama yangu, amefika miaka ya themanini, na nilidhani atafurahi. Nilimwambia usiku wa tatu, baada ya isha. Alinyamaza, kisha akasema, "Hapana. Jina hilo lanitosha mimi."

Nilifikiri ni unyenyekevu tu, nikasisitiza. Akanieleza mambo mawili. La kwanza, mtoto hakuzaliwa Ramadhani. Mfungo ulikuwa umepita, na jina lingekuwa linasema uongo kila linapoitwa. La pili sikuwahi kulisikia maishani mwangu. Alipokuwa chuoni wenzake walikuwa wakimwita Kitunguu, kwa sababu ya kitunguu saumu, wakiziba pua anapokaa. Alilia hadi akakataa kwenda chuo kwa siku kadhaa. "Nimelizoea, nimelipenda, nimezeeka nalo," alisema. "Lakini sitampa mtoto mchanga kitu ambacho mimi kilinichukua miaka 10 kukizoea." Mtoto wa miaka yote ile, nikagundua sikuwa nikiijua habari ya jina la mama yangu mzazi. Ukitaka kumpa mtoto jina la mzee aliye hai, muulize kwanza, na usimuulize mbele ya watu.

Si kila jina la kale linafaa kurudishwa kwa sababu tu ni la kale. Mengine yalitolewa na shida. Kuna Tabu na Shida, ambayo wazee husema yalipewa mtoto aliyefuata waliokufa, ili jicho baya limpite. Mengine hayakuwa na heshima hata kidogo. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja aliyerekodi santuri Bombay mwaka wa 1928, alizaliwa Fumba akaitwa Mtumwa. Siti, yaani bibi mwenye hadhi, ni jina alilokuja kupewa baadaye. Jina likiwa na uzito wa namna hiyo, uliza wakongwe wawili watatu kabla ya kulipenda.

Kuna na jambo la karatasi. Sheria ya Kenya inataka mtoto asajiliwe ndani ya miezi 6, na majina haya ya "mwana" yana balaa lake madirishani. Dada yangu ni Mwanaisha. Cheti chake cha kuzaliwa kiliandikwa Mwana Isha, maneno mawili, na kitambulisho kikaandikwa Mwanaisha. Alipotaka pasipoti kwa ajili ya umra akaonekana ni watu wawili, ikabidi aende kwa wakili kuapa kwamba ni yeye yuleyule. Kwa hivyo andika jina kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi, mpe karani, na usiondoke dirishani kabla ya kusoma alichoandika. Ukichagua neno moja, libaki neno moja mpaka cheti cha mwisho cha shule.

Baada ya Saumu kukataliwa, lililobaki na nguvu lilikuwa Mwanajuma. Siku ilikuwa Ijumaa, swali ni lilelile, na lingekaa vizuri kabisa na Hamisi. Mno, alisema mke wangu. Hamisi na Mwanajuma wangekuwa Alhamisi na Ijumaa, siku mbili zilizoshikana mikono, na Riziki katikati angeonekana kama mgeni. Sikuwa nimeliwaza hilo. Isitoshe, katika ukoo wetu ukiita Mwanajuma kwenye harusi wanageuka watu watatu.

Aliyelitaja jina mwishowe ni Hamisi, bila kujua. Alikuwa akimsimulia mtoto wa jirani usiku ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa: jinsi mvua ilivyonyesha tangu magharibi, jinsi barabara ya Kisauni ilivyojaa maji, jinsi tuktuk ya kwanza ilivyozimika na mama yake akahamishiwa ya pili huku baba ameshika mwavuli uliokwisha geuka ndani nje. Yote kweli. Hakusema lolote kuhusu Ijumaa. Alisema "mvua" labda mara kumi. Mama yangu akanitazama. "Mamangu alikuwa na dada," akasema, "akiitwa Mwanamvua."

Ndugu wa upande wa mke walisema ni jina la kizee. Ni kweli, wengi wanaoliitikia leo wana mvi. Lakini hata Riziki tulipompa walisema vivyo hivyo, na sasa ndio wanaolitamka kwa madaha kuliko sisi. Mvua na riziki, kwa mkulima wa huku, hazijawahi kuwa mbali. Na mtu akimuuliza siku moja kwa nini anaitwa hivyo, atakuwa na kisa cha kusimulia, kama nduguze walivyo na vyao.

Tulitangaza siku ya saba, mbuzi mmoja, wageni wachache. Mwanamvua, neno moja. Karani nimemsimamia mpaka mwisho.

Shida moja tu ambayo hatukuiona mapema. Nyumbani tumeshamkatia jina, tunamwita Mvua, na mama yangu ana sauti ya mtu aliyelea watoto kwenye ua mkubwa. Juzi alasiri, jua kali, alitoka mlangoni akimuonyesha mtoto kwa mgeni na kuita, "Mvua! Mvua wangu!" Jirani yetu wa ghorofani alishuka mbio akaanza kuanua nguo kambani.