Masomo Yasipohamishika: Tusiwaache Wauguzi Wetu Njiani

Mzazi wa Rhotia auzaye mbaazi na ng'ombe ili binti yake asomee shahada ya uuguzi hujiandaa kwa ada ya miaka minne. Ikitokea binti kuhama chuo, kisha akaambiwa kwamba masomo aliyokwisha kuyafaulu hayahesabiki kule aendako, minne hugeuka mitano au sita. Hapo ndipo husikika kauli: "Imetosha, aolewe." Sisi tunasema haijatosha.

Tumelishuhudia hilo katika jamaa ya msikiti wetu. Binti mmoja alisoma uuguzi miaka miwili nje ya nchi, baba yake akafariki, ikambidi arejee nyumbani. Chuo kilichompokea kilikubali masomo machache tu, akapangiwa kuanza karibu upya. Alilia, kisha akaanza. Leo, alhamdulillah, ni muuguzi mwenye shahada.

Kwa nini masomo hayahamishiki? Mara nyingi si uonevu. Krediti ni kipimo cha kazi ya mwanafunzi, na vipimo hutofautiana. Katika mfumo wa Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza kwa ujumla, ukiwamo muda wa kujisomea, na mwaka mmoja hubeba krediti 120. Uganda huhesabu saa 15 za kufundishwa kwa krediti 1. Namba zikifanana, uzito waweza kutofautiana, mithili ya pishi na kilo. Mwezi Mei 2017 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu, lakini chuo kinachopokea bado ndicho kinacholinganisha mitaala, somo kwa somo. Na katika uuguzi lazima kilinganishe kwa makini, kwani mhitimu wake atakabidhiwa uhai wa watu.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqarah, inatuagiza kuandika tunapokopeshana. Basi na jambo la masomo tuliandike. Kabla ya kuhama, mwanafunzi achukue hati rasmi ya matokeo, maelezo ya maudhui ya kila somo, na daftari la mafunzo ya wodini lenye sahihi za wasimamizi. Aombe jibu la maandishi: masomo yapi yamekubaliwa, na ataanza mwaka gani. Ada isilipwe kwa ahadi ya mdomo. Aliyesoma nje apeleke nyaraka zake Tume ya Vyuo Vikuu mapema. Akikataliwa, aulize sababu na akate rufaa kwa adabu. Somo lililokataliwa kwa kukosa maelezo huenda likakubaliwa maelezo yakipatikana.

Mwenye stashahada asikate tamaa pia. Zipo programu zilizowekwa kwa ajili ya wauguzi walioko kazini. Chuo Kikuu cha Aga Khan, Dar es Salaam, ni miongoni mwa vilivyowafungulia njia hiyo ya kufikia shahada.

Lakini nyaraka hazilipi ada ya mwaka wa ziada. Hapo ni zamu yetu, jamaa. Tunachangia harusi kwa moyo mkunjufu, na ni kheri. Tuchangie vilevile mwaka mmoja wa chuo. Sadaka ipo, wakfu upo, na kuhusu zaka tuwaulize masheikh wetu, kwani fukara hatoki katika ufukara kwa kuwa tu ameshika kitabu.

Tukumbuke Rufaida wa Kabila la Aslam, radhi za Allah ziwe juu yake. Hema lake la kutibia majeruhi lilisimamishwa penye Msikiti wa Mtume (s.a.w.), na humo ndimo alimouguziwa Sa'd bin Muadh baada ya vita vya Khandaq. Msikiti ule haukumwona muuguzi kuwa mgeni. Nasi twapenda wake zetu wajifungue mikononi mwa wanawake wenye elimu na stara. Wanawake hao hawatapatikana ikiwa tutawaondoa chuoni kwa sababu ya mwaka mmoja ulioongezeka.

Elimu iliyokataliwa na karatasi haijafutika kichwani. Binti aliyejifunza kupima shinikizo la damu mara mbili ataipima vizuri zaidi. Ada ya mwaka ule ni nzito, lakini ina mwisho; masikitiko ya kuacha njiani huenda yakadumu umri mzima.

Wabillahi tawfiq.